Pamba Chini ya Sampo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea kuyaandika. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole, neno moja moja. Mbele ya watu huwa siongei sana, ndiyo maana jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Nimeona afadhali niliandike.

Nyumbani kwetu ni upande wa Mwamapalala. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, na mwenye gari hakukosa mzigo wa kupeleka Bariadi. Baba aliliona hilo. Akaenda Lingeka kwa kaka yake, baba mkubwa, kumwomba watoe ng'ombe katika zizi waliloachiwa na babu ili wanunue pikapu. Baba mkubwa hakupenda, lakini alikubali. Ng'ombe wakaenda mnadani, pikapu ikaja nyumbani. Ilikuwa kuukuu, rangi yake haijulikani tena, ila injini ilinguruma vizuri.

Ubaya wake ulikuwa kuvuja oili. Popote ilipolala iliacha doa jeusi, na watoto wa jirani wakiliona wanapiga kelele, "Limekojoa tena!" Baba alikuwa anasimama njiani kuongeza oili, akihofia kwamba siku moja injini itakauka porini na pamba ya watu iko juu.

Oili ilitoka kwenye sampo, lile karai la bati lililofungwa chini ya injini, ambalo ndilo hutunza oili. Kati ya sampo na injini huwekwa gasketi, utepe mwembamba wa kuziba. Kwanza baba alikaza bolti kwa nguvu zake zote. Ikavuja zaidi. Akasema gasketi imekufa, na kwa kuwa sisi ni watu wa ng'ombe, akatengeneza nyingine kwa ngozi. Kwetu kamba ya nira ikikatika ni ngozi, kiti kikilegea ni ngozi, sasa gari nalo lina tofauti gani? Aliiloweka, akaikata ingali laini, akaifunga. Siku za mwanzo halikudondoka hata tone.

"Umeona, mayu?" alimwambia mama. "Fundi wa nini?"

Lakini joto la injini liliikausha ile ngozi, ikanywea na kujikunja. Oili ikaacha kudondoka, ikawa inatiririka.

Habari zilifika Lingeka. Baba mkubwa akaja asubuhi moja na fimbo yake.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu.

"Mhola," alijibu, macho yakiwa chini ya gari. Kisha akamgeukia baba. "Hawa ndio ng'ombe wa baba yetu? Ng'ombe akiharisha unamchinja, unakula nyama. Hili ukilichinja utakula nini?"

"Kaka, kaa kwanza unywe uji."

"Uji nitakunywa. Lakini nimekuja kuliondoa. Bariadi kuna mtu ananunua magari mabovu. Tumpe, turudishe mitamba zizini, hata kama ni wachache."

Baba alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa safi tayari. Nilijua kinachomuuma. Kuliuza gari lile kungekuwa kuuambia ukoo mzima kwamba amepoteza ng'ombe wa babu.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasema, "Baba mkubwa, naomba nilijaribu mimi kwanza."

"Kumbe huyu anaongea!" alisema baba mkubwa. "Mimi nilidhani mmezaa bubu." Mama alicheka hadi akamwaga uji. "Haya. Mimi nakaa hapa mpaka siku ya mnada. Likidondosha tone moja, linakwenda."

Ombi langu halikuwa ndoto tu. Kila tulipopeleka pamba Bariadi na kusubiri zamu ya kupima, nilikuwa nakaa karibu na gereji moja nikiwatazama mafundi. Sikuwahi kuwauliza neno. Niliuliza kwa macho tu, na macho hayaoni haya.

Nililiinua gari mbele kwa jeki, nikaegemeza magogo, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayetaka kulala chini. Oili niliimwaga kwenye sufuria mbovu. Sampo ilipotoka niliona ugonjwa wenyewe. Ukingo wake ulikuwa umevimba kila kwenye tundu la bolti, kwa sababu ya kukazwa mno. Hata ningeweka gasketi ya dhahabu, ingevuja. Baba aliinama akaupapasa ukingo kwa kidole.

"Nguvu zangu hizo," alisema.

Niliulaza ukingo juu ya chuma cha plau, nikaugonga taratibu kwa nyundo, tundu baada ya tundu, mpaka ubao ulionyooka ukalala juu yake bila kuacha upenyo. Kisha nikapanda baiskeli kwenda mjini. Maduka ya vipuri yalikuwa yameanza kufunguliwa, na vitu ambavyo zamani watu walivifuata Mwanza vilikuwa vinaning'inia ukutani. Dukani ulimi ukanigoma. Nikainua tu ile ngozi iliyojikunja.

"Kijana, umeniletea kiatu?" aliuliza muuzaji. Watu wakacheka, nami nikacheka. Baada ya hapo ikawa rahisi kusema nilichotaka, karatasi ngumu ya kukatia gasketi na gundi yake.

Nyumbani niliitandika karatasi juu ya ukingo wa sampo, nikawa naigonga pembeni polepole kwa nyundo ndogo. Inajikata yenyewe kwa umbo la ukingo, hata matundu. Nikapaka gundi, nikarudisha sampo, nikakaza bolti kidogo kidogo, moja huku na nyingine upande wa pili, kwa spana fupi.

"Ongeza nguvu," alisema baba akiwa amechuchumaa.

"Hapana, baba."

Sikuwahi kumwambia baba hapana. Akanisogezea taa.

Siku ya mnada, gundi imekauka, gari limeshushwa na oili imerudishwa, baba aliliwasha, akazunguka nalo mpaka injini ikachemka vizuri, akarudi. Likiwa linanguruma nilijipenyeza chini na mfuko wa pamba. Nikachomeka vipande vyeupe kuzunguka ukingo wote wa sampo, mbali na bomba la moshi. Nilifanya hivyo kwa sababu ya baba mkubwa. Maneno ya fundi asingeyaamini, lakini pamba amechambua maisha yake yote, safi huku na fifi, ile chafu, kule, na hakuna mtu wa kumdanganya kwa pamba.

Alikula ugali na maziwa ya mgando bila haraka. Kisha akaagiza, "Lete."

Nilimpa vipande vyote kwenye ungo. Alivichukua kimoja kimoja, akavifungua kwa vidole. "Safi. Safi. Safi." Kimoja kilikuwa na weusi. Akasema, "Fifi," na baba akaangalia pembeni. Baba mkubwa alikinusa, akakisugua, akakinusa tena.

"Vumbi," alisema. "Hili ni vumbi la Mwamapalala."

Akasimama, akachukua fimbo yake, akafungua mlango wa mbele wa pikapu na kukaa. "Nipelekeni mnadani," alisema. "Nikawatazame mitamba tu, leo sina haja ya kununua." Mnadani kila aliyemsalimu alionyeshwa gari. "Hili ni la baba yetu," alikuwa anasema, "na kijana wangu huyu ndiye aliyelitibu." Nilitazama chini kama kawaida yangu, lakini nilikuwa nasikia kila neno.

Sasa nawaomba ninyi mliosoma mniandikie. Niambieni mlitengeneza nini kwa mikono yenu nyumbani, na nani alisema hamtaweza. Nitajibu, hata nikichelewa.