Aliyemnyonyesha Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Kituo cha afya kilikuwa kimefungwa, wauguzi wamekimbia, nikajifungulia nyumbani mikononi mwa mama mkwe wangu. Mtoto alilia vizuri, kisha akaanza kutafuta titi mwenyewe. Mama mkwe akamwondoa.

"Ngoja kwanza. Ile ya njano iko uchafu. Itamuharibia mutoto tumbo."

Akayakamua yale maziwa mazito ya siku za kwanza, akayamwaga kwenye majivu ya jiko. Mtoto akalambishwa maji ya sukari kwa kidole. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka mingi, lakini hayo hatukufundishwa. Nilimshukuru Mungu kwamba nyumbani kuna mtu anayejua la kufanya.

Mtoto alipofikisha siku tisa, risasi zililia upande wa ziwa. Mume wangu alikuwa majini na wavuvi wenzake. Ilipita miezi kabla hatujasikia kwamba walivuka hadi Tanzania. Tulikimbia bila yeye, mimi na mama mkwe, mtoto mgongoni, sufuria moja na unga wa muhogo. Njiani titi langu la kushoto lilivimba, likawa la moto kama jiwe la jikoni, nikashikwa na homa. Tulipofika Lubondja, familia moja ya kanisani ikatupa jiko lao tulale humo. Maziwa yalikuwa yamekauka.

Mama mkwe akapika uji mwembamba wa muhogo kwa maji ya kijito, akamnywesha mtoto kwa kiganja. Siku ya tatu mtoto alianza kuharisha maji ya kijani, yananuka kama kitu kilichooza. Tumbo likajaa, miguu ikawa ya kifaranga. Mama mkwe akachemsha majani, akampiga bomba la dawa kwa nyuma, njia ya haja kubwa. Akaharisha zaidi. Mwishowe akaacha hata kulia, akawa anafungua mdomo tu.

Nyumba ya pili alikaa mwanamke wa Bibokoboko, wa watu wa ng'ombe wa kule juu milimani, ambao watu wetu walikuwa wanapigana nao. Alikuwa ameolewa na mwalimu wa hapo Lubondja, na alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minne. Mumewe alikwenda Kilembwe kutafuta chumvi, hakurudi. Tangu hapo majirani walimsalimu kwa kichwa na kupita. Siku ile mama mkwe alikuwa ameenda kuomba muhogo shambani. Yule mwanamke akasimama mlangoni pa jiko.

"Dada, mutoto wako iko anakufa. Nipe."

Nikampa. Sikuuliza yeye ni nani wala kabila gani. Niliuliza hayo baadaye, nilipokuwa na nguvu za kuuliza upumbavu. Alimminyia maziwa mdomoni tone kwa tone mpaka mtoto akakumbuka kunyonya. Kisha akanirudishia.

"Sasa kwako."

"Kwangu hakuna kitu," nikamwambia.

"Hata kama hakuna. Kila mara kwako kwanza, halafu kwangu. Maziwa inafuata mutoto. Na ule uji, acha. Tumbo lake iko bado bichi."

Alikuja hivyo mara sita, mara saba kwa siku, mwanawe mgongoni. Titi langu alilikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikipiga kelele, naye akinicheka. Siku ya tano kinyesi cha mtoto kilibadilika, kikawa cha njano laini, harufu yake ya maziwa yaliyochachuka kidogo. Alikifunua kitambaa akanionyesha kana kwamba ni dhahabu.

"Ona. Sasa tumbo inajua kazi."

Mama mkwe alijua. Aliacha iendelee, maana alimwona mjukuu wake anarudi. Lakini kila mara mwanamke yule alipoondoka, mama mkwe alichovya ncha ya kitenge kwenye maji akamfuta mtoto mdomo, ndani na nje. Nilimwona, sikumkataza. Wiki ya tatu maziwa yangu mwenyewe yakaanza kutoka.

Wiki hiyo hiyo walikuja vijana wa kwetu wenye bunduki. Walikuwa wanatafuta "wale wa juu". Walimtoa mwanamke yule nyumbani kwake, mtoto mgongoni, wakamsimamisha uani mbele ya jiko letu. Mmoja akanigeukia.

"Banasema huyu anakunyonyeshea mutoto. Mulikuwa rafiki?"

Binti yangu alikuwa mikononi mwangu, ameshiba maziwa ya mwanamke yule asubuhi ile.

"Simujui," nikasema. "Tulimukuta tu hapa."

Mwanamke yule hakunitazama kwa hasira. Alimtazama mtoto, kama mtu anayekagua kama amevaa vizuri. Wakampeleka kwenye njia ya milimani. Hakuna mtu Lubondja aliyeniambia kilichompata, na mimi sikuuliza. Nikisema niliogopa, ni kweli. Lakini hata walipokuwa wameenda, hofu imekwisha, sikulia. Nilinyonyesha.

Miaka ilipita, tukarudi Baraka, nikazaa wengine. Katika kliniki ya wajawazito muuguzi mmoja alitufundisha kwamba tumbo la mtoto mchanga ni kama shamba jipya, na vidudu vidogo visivyoonekana ndivyo wakulima wake. Maziwa ya mama, alisema, yana sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Imewekwa kwa ajili ya vidudu vyema, vipate kula, viongezeke, vifunge njia kwa vibaya. Yale ya njano ya kwanza ndiyo kinga yake. Uji na maji ya kijito vinapotangulia, shamba linaingiliwa na magugu.

Nikamuuliza: na kama amenyonyeshwa na mwanamke mwingine?

"Kuna magonjwa, mama, hatushauri hivi hivi," akasema. "Lakini kama alikuwa anakufa, huyo mama alimupandia mutoto wako tumbo upya."

Nilitoka nje kabla somo halijaisha.

Binti yangu alipofika miaka kumi na mitatu, alirudi siku moja kutoka shuleni akiimba na wenzake wimbo wa kuwatukana watu wa juu. Kulikuwa na mapigano tena, na nyimbo hizo zilikuwa kila kona. Nikamvuta ndani nikamweleza yote, pamoja na lile neno "simujui". Nilitaka anihukumu. Nilikuwa nimelisubiri hilo kwa miaka.

Aliweka mikono tumboni.

"Mama, ulikubali aninyonyeshe, ule wa juu?"

"Ungekufa."

"Basi usiambie muntu. Bale ba shuleni bakijua, nitafanya nini?"

Akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia anasukutua mdomo. Bibi yake, aliyekuwa anapepeta mchele uani, alisikia kila kitu. Hakuinua kichwa.