Kaburi la Burma

Nimekaa miji mingi, kidogo huku, kidogo kule, na kila nifikapo mahali pageni jambo la kwanza ninalomuuliza mwenyeji ni kibla. Hunidhania mcha Mungu sana. Sivyo.

Kwetu Bagamoyo, asubuhi ya Idi watu wakishaswali huenda kuzuru makaburi. Bibi yangu hakuwa na pa kwenda. Mwanawe, baba yangu mdogo, alifia Burma, huko Asia, katika vita vya Wazungu. Basi bibi alibaki barazani akimngoja fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Dunda, aliyepigana pamoja na marehemu akarudi salama. Akifika, bibi alimtania kwamba Wazungu walimrudisha tumbo tupu, akamjazia sahani ya pilau. Fundi akishakula, alisimulia yale yale: maji ya mto waliyomwoshea, turubai waliyomkafinia, na jinsi walivyomlaza kwa ubavu wa kulia.

"Akaelekea wapi?" bibi aliuliza kila mwaka.

"Kaskazini, mama. Kibla, kama hapa kwetu."

Hapo bibi alishusha pumzi, akasoma Fatiha. Siku hiyo na yeye alikula vizuri.

Nilipokuwa sekondari nilirudi likizo ya Idi na kitabu cha ramani. Nikapima kwa rula. Kutoka Burma, Makka iko magharibi. Fundi alipoaga nilimfuata njiani nikamwambia, nikijiona hodari.

"Hatukumzika," akasema. "Tulikuwa tunakimbia. Nilimfunika uso kwa kofia yake, nikavuka mto."

Akanieleza kwamba siku aliyoleta habari, hata hajaketi, bibi alimuuliza kibla, naye akajibu lililomjia mdomoni. Tangu hapo hakupata njia ya kurudi nyuma.

"Sasa umejua, mwanangu. Ukitaka, kamwambie."

Sikumwambia. Nilikaa na neno hilo mwaka mzima. Idi iliyofuata fundi alikuja, akala, akasimulia, ila hakunitazama. Alipofika penye kibla akachukua kikombe cha kahawa, akanywa. Bibi akasubiri, kisha akanigeukia.

"Wewe uliyesoma, kibla ya huko ni wapi?"

Fundi akaweka kikombe chini.

"Kaskazini, bibi," nikasema.

Akashusha pumzi. Akainua mikono, nasi wawili tukainua yetu.