Anafua udongo akitafuta punje moja nzima

Saa moja asubuhi maji ya pipa bado yanauma vidole. Mama Pipa, ndivyo wenzake wanavyomwita, anamwaga ndoo ya udongo, anakoroga kwa mkono, anasubiri. Udongo unazama. Juu vinabaki vipande vya mkaa na mbegu zilizoungua zamani, ndogo kama chawa. Anazikinga kwa kitambaa na kuzianika kivulini.

Ndoo arobaini kwa siku. Kucha mbili zimeshang'oka. Kabla ya hapa alifua nguo za watu miaka kumi na tisa.

"Udongo nafuu," anasema. "Hauna mwenyewe wa kuja kunigombeza."

Wataalamu wa mambo ya kale wanachimba shimo la majivu ya jiko lenye umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Wanataka kujua watu wa hapa walikula nini. Mbegu zote zilizopatikana ni za majani ya porini. Punje ya mtama hakuna. Mkuu wa uchimbaji, binti wa miaka thelathini na miwili, alikwisha kuandika kwamba walikuwa waokotaji, si wakulima. Shimo lingefukiwa Ijumaa.

Mama Pipa aliposikia alicheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, nani anakula hizi? Hata kuku wangu huziruka."

"Sasa zilifikaje jikoni, mama?" binti akauliza.

Akamvuta kwenye kitambaa. "Tazama. Zote saizi moja. Zimepita tundu moja la chekeche. Haya ni magugu ya shambani, yalivunwa pamoja na mtama. Mwanamke akachekecha, mtama ukabaki juu, hizi zikadondoka, akazitupa motoni. Mimi hufanya hivyo kila nikivuna."

"Profesa wa pipa!" wenzake wakamtania.

Binti alizipima mbegu siku nzima. Jioni aliikata ile sentensi yake kwa kalamu. Lakini bila punje yenyewe, alisema, wakubwa zake hawatamwamini.

Mama Pipa akamwonyesha pa kuchimba: ng'ambo ya jiko, upepo unakotokea. "Hakuna anayechekecha huku akila moshi."

Wameongezewa siku tatu na mita moja ya ardhi. Ndoo za kwanza kutoka huko zimeshapangwa kando ya pipa.

"Nataka punje moja tu, nzima," anasema.

Na isipopatikana?

Anakamua kitambaa.

"Basi walikula zote. Hongera zao."