Saa ya Kukata Kitambaa

Siku moja fundi cherehani mmoja alikuwa akikata suti ya bwana harusi, huku wateja wawili dukani wakibishana mambo ya mpira, naye akitia neno lake. Alipokuja kuunganisha, akakuta ana mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kilichobaki hakitoshi hata kola. Ilibidi atoke mbio kutafuta kingine cha rangi ile ile. Jioni alirudi nyumbani kanywea.

Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akamwambia, "Baba Watoto, kushona unaweza huku unapiga soga. Kukata huwezi. Katia hapa nyumbani, kabla watu hawajaamka."

Basi tangu wiki ile, ikifika saa kumi na moja alfajiri, meza ya chakula ilikuwa yake. Alitandaza kitambaa, akapima, akachora kwa chaki, akapima tena. Mkewe alimwekea chai pembeni, akarudi zake kulala. Jua likichomoza, suti mbili zimeshakatwa, na mchana kutwa dukani ulikuwa wa kushona na maneno.

Mitihani ilipokaribia, binti yao mkubwa akaomba kona ya meza.

"Naweza kusomea hapa, baba?"

"Soma. Ila mdomo wako uuache kitandani."

Wakaenda hivyo miaka mitatu, baba na mkasi wake, binti na hesabu zake. Akikwama, binti alitafuna kalamu. Baba alisikia, akaendelea kukata. Akipata jibu alishusha pumzi ndefu, na fundi akajikuta anatabasamu peke yake juu ya kitambaa.

Mkewe alifariki mwaka ambao binti alimaliza uhandisi. Macho ya fundi nayo yakaanza kuingia ukungu. Koti la mwisho alilokata lilikuwa la binti huyo, la siku yake ya kwanza kazini. Lilimchukua alfajiri nne, kazi ambayo zamani haikumchukua hata moja.

Sasa duka kamwachia mdogo wake, lakini usingizi bado unamtoka saa ile ile. Watu wakimuuliza kama anaikumbuka kazi, husema hapana, mgongo umepata nafuu. Anachokikumbuka ni nyumba iliyotulia, mkasi ukiteleza kwenye sufu, na mtu upande wa pili wa meza akigeuza kurasa taratibu asimsumbue.