Sauti ya Dereva Mteremkoni

Siku mbili za kwanza za matembezi yetu ya pwani nilikaa nyuma ya dereva wa basi, nikamjua kwa kisogo na kwa sauti. Kila kona ya mlima alipiga honi mara mbili, kisha akalibembeleza basi: "Taratibu, bibie." Sikuthubutu kutazama chini, mawimbi yalikopasukia miambani. Siku ya tatu, kwenye mteremko mkali, niliona mguu wake ukididimiza breki mpaka sakafuni, mara ya kwanza, mara ya pili, na basi likazidi kwenda. Yeye akashika kipaza sauti: "Ndugu abiria, kaeni, fungeni mikanda. Kushoto kwenu bahari hiyo, haichoshi macho." Sauti ile ile ya jana, ila jasho lilimchuruzika shingoni. Akashusha gia, injini ikanguruma, akaliingiza basi kwenye lundo la mchanga upande wa mlima. Likazama, likasimama. Wenzangu walishuka wakinung'unika kwamba huyu hajui kuendesha. Yeye hakuinuka. Nilipomsogelea akaninong'oneza, "Dada, nisaidie kubandua hivi vidole. Vimekataa kuachia usukani."