Filtre yangu ilificha kilio

Bandugu, niko mbele ya mulango ya nyumba ya kilio, huku mu quartier Bel-Air, nashindwa kuingia. Niko nazunguka tu.

Ku kazi, spam na virus bilitusumbua sana. Njo nikaweka filtre ya kuzuia message mbaya ku serveur yetu ya Linux, nikaikaza kabisa. Leo asubui, hakuna hata spam moya! Nikajisifu mbele ya bote.

Halafu simu ikalia. Ni Maman Odile, mwenzetu wa réception.

«Mama yangu alikufa. Niliandikia biro yote message. Biti byenu biko hapa tu, hakuna mwenye anakaa. Juu ya nini?»

Eeh! Nikakimbia kufungua dossier kwenye filtre inatupa spam.

Message yake iko pale. Herufi kubwa tupu, URGENT, picha ya marehemu, imetumwa kwa bantu bote mara moya. Siye tunatangaza kilio vile, hapana? Lakini filtre yangu iliona asema ni bantu ba kudanganya.

Bosi na bengine beko mu njia. Miye nilitangulia.

Sasa nikiingia, nitasema nini? Asema ni machine njo ilikosa? Muniambie mbio!

Nachungulia. Biti byetu biko bitupu mpaka sasa.

Aah, Maman Odile ameniona.

Eko anapangusa kiti kimoya.