Magoti ya Kikaragosi

Nilimtengeneza katika chumba nilichopanga Rwamishenye, pembeni mwa Bukoba, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha baada ya chuo kikuu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu. Redio ilikuwa imetangaza tamasha la vikaragosi Dar es Salaam, na kwetu kamati ya utamaduni ingekutana Muleba kuchagua kikaragosi kimoja tu. Nilitaka kwenda. Dar kulikuwa na watu niliosoma nao, ambao ningeweza kuzungumza nao bila kuipima kila sentensi kabla ya kuitoa.

Alikuwa mwanamke wa kimo changu. Mwili ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba niliyoyasokota, na gauni la gome la mti lililopondwa, la zamani, nililopewa na shangazi yangu wa Izimbya. Upya wake ulikuwa huu: hakuwa na nyuzi. Miguu yake niliifunga kwenye miguu yangu kwa kanda za mpira wa tairi, magoti yake kwenye magoti yangu, nami nilisimama nyuma yake bila kujificha. Nikitembea, anatembea. Nikipiga magoti, naye anapiga.

Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Kwetu mwanamke huwasalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Mimi nilikuwa nimeacha. Hakuna aliyenikemea. Wanawake wa rika la mama yangu waliniwahi tu kwa mkono, "Habari, mwalimu," kwa Kiswahili safi, kisha wakageukiana na kuendelea na Kihaya chao kana kwamba mlango umefungwa. Sasa kikaragosi changu kipige magoti mbele ya kamati? Wangesema narudisha enzi za watemi. Kisipopiga, je? Wangesema najivuna. Na kama nikipiga nusu? Nilijaribu hiyo nusu chumbani, peke yangu, nikaonekana kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya meza.

Mwishowe nilichomeka kipande cha mwanzi nyuma ya kila goti lake, asikunjike kabisa. Nikampeleka Izimbya kumwonyesha shangazi.

Shangazi alimzunguka, akabonyeza goti moja.

"Anaumwa?"

"Hapana, shangazi. Ni mwanamke wa kisasa."

"Ahaa." Akaendelea kumenya ndizi. "Kumbe usasa unakaza magoti."

Nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi niliyatafakari maneno hayo.

Siku ya Muleba tulikutana katika darasa la shule ya msingi. Kamati ilikaa nyuma ya meza. Wanakijiji waliokuja kutazama walijaa, na bibi wazee walikuwa wamekaa mbele, chini, kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa kama nyumbani. Niliingia na mwanamke wangu, sote wawili tumekakamaa kama ngazi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu mwili na kazi ya pamoja. Sikuyafikia.

"Mgeni gani huyu asiyesalimia?" akauliza bibi mmoja wa mbele.

"Katoka Dar," mwenzake akamjibu. "Magoti kayasahau kwenye meli ya Mwanza."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati akaandika kitu, nami nikajua ni nini, au nikadhani najua, nikaona Dar ikiondoka bila mimi. Wale bibi hawakuwa wakinitazama mimi. Walimtazama yeye, usoni, wakimsubiri.

Niliinama nikachomoa mianzi. Nikapiga magoti, naye akapiga, gauni lake likaenea juu ya nyasi. Nilitoa salamu kwa Kihaya, na nikanyoosha mikono yake.

Bibi yule aliyeuliza aliipokea kwa mikono miwili. "Waitu!" akasema, kama aitwavyo mtu wa kwetu, na baada ya hapo yote yalikuwa Kihaya. Akamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Akamuuliza habari za watoto. Akafungua fundo la kanga yake, akamwekea kiganjani buni za kutafuna, kama anavyowekewa mgeni aliyefika nyumbani. Uso wangu ulikuwa nyuma ya bega la kikaragosi, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya bibi, na hakuinua macho hata mara moja. Nilijibu yote kwa niaba yake. Nilitamani aniulize mimi.

"Mama huyu ataenda Dar," mwenyekiti alisema kamati ilipokwisha kunong'onezana. Kisha akanikumbuka. "Na wewe, ndugu mwalimu, utamsindikiza."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Kwenye basi la kurudi Bukoba nilimpakata akiwa amekunjwa ndani ya gunia, mkono mmoja nje. Buni zilikuwa bado kiganjani, zimenaswa kati ya maganda ya mgomba. Hazikuwa zangu. Nilizitoa moja moja nikazitafuna, na kabla hatujafika zilikuwa zimekwisha.